Nani aliangusha jumba bovu?

Siku hizi ni nadra kumsikia mtu akisema amekosea. Mhasibu akibanwa na wakaguzi, mkuu wa idara akitenguliwa, msanii akinaswa kwenye sauti ya simu iliyovuja, jibu ni lile lile: nimeangushiwa jumba bovu. Usemi huo ulitoka vijiweni, ukapanda daladala, ukaingia magazetini, na sasa unatamkwa na watu waliovaa suti mbele ya vipaza sauti. Umezaa makundi mawili ya walalamikaji. Wapo walinzi wa lugha, ambao kila inapokaribia tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, hutukumbusha kwamba misimu inaharibu lugha na kwamba neno "kusingiziwa" linatosha. Wapo pia walinzi wa maadili, wanaosema misemo ya namna hii imetufanya watu wasiojua kuwajibika, kwamba kila mwizi sasa ana kichaka cha kujifichia.

Naona makundi yote mawili yamelisikia neno bila kulisikiliza. Kupakaziwa, kubambikiwa, kuangushiwa jumba bovu, kusukumiwa msala, kutolewa kafara, na kule Nairobi kuwekelewa: kila moja limehifadhi njia ambayo lawama ilipita mpaka ikamfikia asiyehusika. Ukiyachambua unajua nani ana uwezo wa kumtupia mwenzake kosa, na kwa chombo gani. Kasoro maneno haya yanayo, ila iko pengine kabisa, kwenye sarufi. Yote husimama katika kauli ya kutendwa, na kauli hiyo humruhusu mtenda aondoke kimyakimya. Kwa mnyonge hiyo ni kinga. Kwa mwenye cheo ni maficho. Tusipotenganisha matumizi hayo mawili tutaendelea kumcheka anayestahili kusikilizwa na kumwonea huruma anayestahili kuhojiwa.

Tuanze na lile linalosemekana kutosha. Kusingizia na kisingizio wametoka tumbo moja. Mtoto asiyetaka shule husingizia kuumwa tumbo, mdaiwa husingizia msiba, na ajuza husingiziwa uchawi. Kitenzi ni kimoja katika yote matatu, na ndani yake umo ujuzi wa siku nyingi: tuhuma ya uongo mara nyingi ni udhuru wa jambo jingine. Nenda Kilifi, pwani ya Kenya, ambako wazee wenye mvi wamekuwa wakiuawa kwa madai ya uchawi mpaka baadhi yao wakakimbilia hifadhi Kaya Godoma, huko Ganze. Ukiyafukua madai hayo, mara nyingi unakutana na shamba. Mzee ana ardhi, jamaa zake wanaitaka, uchawi unatajwa. Uchawi ni kisingizio na mzee amesingiziwa. Lugha imetoa hukumu kabla ya hakimu. Kwa hiyo walinzi wa lugha wana haki ya kulipenda neno hili. Lakini linajibu swali la kwa nini tu. Namna lawama ilivyosafirishwa halikuambii, na hapo ndipo misimu inapofanya kazi.

Chukua kupakazia. Limetoka kwenye kupaka, kama anavyopakwa mtu masizi. Jioni za utotoni tulisimuliwa jinsi Sungura anavyolamba asali ya wenzake usiku, kisha anampaka Fisi aliyelala, mdomoni na kwenye makucha. Kulipokucha nani angebishana na asali inayonata? Ushahidi upo, unaonekana kwa macho, ila aliyeuweka pale siye mwenye mdomo. Kuchongea nako ni kazi ya fundi: unayachonga maneno hadi yapate umbo linaloingia vizuri sikioni mwa mkubwa. Nafurahi kuona kwamba vijana wa Tanzania, bila kumwuliza mtu wa kamusi, wamelirudia shina hilo hilo na kutupatia "kesi ya mchongo", sambamba na daktari wa mchongo na mchumba wa mchongo. Aliyechongewa zamani alipelekewa maneno kwa mkubwa. Wa leo anachongewa jalada zima, lenye namba na mashahidi.

Jalada ndiyo makazi ya kubambikia. Kubambika ni kupachika kitu pasipo pake. Mwanamume hubambikiwa mtoto, mpangaji hubambikiwa bili ya maji ya miezi ambayo hakuwa hata amehamia, raia hubambikiwa kesi. Hizo mbili za mwisho zina kitu ambacho kupakazia haina: karatasi. Jirani mwenye wivu anaweza kukupakazia, kukuzushia na kukusingizia apendavyo, lakini kukubambikia bili au kesi inahitaji mtu mwenye kalamu na muhuri. Ndiyo sababu neno hili lilikomaa mahabusu. Na kutoka mahabusu limepanda cheo kwa namna ambayo maneno machache ya mtaani yamewahi kupanda. Machi 2019 mfanyabiashara mmoja wa Tabora aliyekuwa amewekwa ndani kwa kesi ya mauaji aliachiwa baada ya Rais Magufuli kuagiza malalamiko yake yachunguzwe, na nchi nzima ikawa inazungumzia kubambikiwa. Mei 2021 Rais Samia alieleza hadharani kwamba TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ilikuwa imefuta kesi 147 za kubambikia, na akawataka polisi nao wakayaangalie majalada yao. Ilipofika 2023, wakati tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipokabidhi ripoti yake, "ubambikaji wa kesi" lilikuwa neno la kikaoni, linaandikwa bila alama za kunukuu. Nani angeendelea kuliita neno la wahuni?

Jumba bovu lenyewe lina habari tofauti, na hapa naomba msomaji avumilie sarufi kidogo. Nyumba ikiporomoka yenyewe juu ya mtu, tunasema ameangukiwa na nyumba. Hiyo ni ajali. Ukisema ameangushiwa, umebadilisha sauti moja tu, k imekuwa sh, lakini sasa kuna mtu aliyeisukuma. Kiswahili kimemtia mtenda ndani ya konsonanti. Halafu angalia sifa ya jumba: ni bovu. Lilikuwa bovu kabla hujaingia. Waliolikalia kwa miaka walijua boriti ipi imeliwa na mchwa, wakahama na vitanda vyao, na ukuta ukaja kumshukia aliyeingia jana. Watu wa Dar es Salaam wanajua majumba huanguka kweli, wameyaona Mtaa wa Indira Gandhi mwaka 2013 na Kariakoo Novemba 2024, na wanajua maswali yanayofuata: nani alitoa kibali, nani alikagua, nani aliongeza ghorofa. Usemi umebeba kumbukumbu ya maswali hayo. Anayeangushiwa jumba bovu analalamikia uozo wa wengi uliosubiri kichwa cha mmoja.

Niliwahi kulisikia likitamkwa pale linapostahili. Ilikuwa karibu saa sita usiku, baa inafungwa, wahudumu wanafanya hesabu na kaunta. Mmoja, dada wa makamo mwenye kalamu ya bluu aliyoichomeka kwenye nywele, aliambiwa ana shoti ya bia nne. Alihesabu vizibo alivyoviweka kwenye kikombe cha plastiki, akahesabu tena. Vilitimia. Jamaa wa mwenye baa alikuwa amekaa kaunta jioni nzima akinywa bila kuandikiwa, kila mtu alimwona, mimi nilimwona. Dada akasaini daftari. Alipopita mezani kwangu akasema, kama anayeongea na trei, "Leo nimeangushiwa jumba bovu." Nikamwuliza, na nani? Akaitazama kaunta, akanitazama mimi. "Jumba tu, kaka."

Kisheria hakupaswa kukatwa kirahisi hivyo. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, apewe maelezo kwa maandishi, na apewe nafasi ya kupinga. Daftari la baa halina safu ya maelezo. Lina jina, tarehe na shoti. Lakini kilichonikaa kichwani ni lile jibu. Angeweza kumtaja mtenda, alikuwa mita tatu kutoka pale, ana chupa mkononi. Kumtaja kungemgharimu kazi. Kauli ya kutendwa ilimpa njia ya kusema ukweli wote isipokuwa sehemu ile moja ambayo ingemwangamiza.

Anayedhani nakuza mambo avuke mpaka. Nairobi husema "nimewekelewa", kwa picha ya kitu kilichowekwa juu yako ukiwa umetulia zako. Mwaka 2015 mwendesha bodaboda mmoja alipigwa risasi na askari, na yeye ndiye aliyefunguliwa mashtaka. Akafanya lile ambalo misimu hailifanyi: akamtaja aliyempiga, akapeleka malalamiko, akapata wakili, Willie Kimani. Juni 2016 wakili, mteja na dereva wao wa teksi walitekwa wakitoka mahakamani Mavoko, wakauawa. Ilichukua hadi Julai 2022 kwa Mahakama Kuu kuwatia hatiani askari watatu na mtoa habari wao. Mtu aliyesikia kisa hicho akaamua kusema tu "niliwekelewa", bila jina, hana uvivu wa lugha. Anajua bei ya jina.

Kafara ndilo neno ninaloliona limepinda kuliko yote. Katika Uislamu kafara hulipwa na mkosaji mwenyewe: aliyevunja kiapo hulisha maskini 10, na asiyeweza hufunga siku 3. Hamtumi jirani amfungie. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 16, wapo mbuzi wawili. Mmoja anachinjwa; wa pili, wa Azazeli, anawekewa mikono kichwani na Haruni, anatubiwa juu yake maovu ya watu, kisha anapelekwa jangwani akiwa hai. Sisi tumewachanganya hao wote tukapata "mbuzi wa kafara", na mtu akiachishwa kazi kwa makosa ya bosi wake tunasema katolewa kafara. Kilichopotea katika mchanganyiko huo ni Haruni. Yeye alisimama mbele ya umati, akaweka mikono yake yote miwili, akayataja makosa kwa sauti. Kila aliyekuwapo alijua lawama inatoka kwa nani kwenda wapi. Kafara ya maofisini hufanyika kwa barua ya Ijumaa jioni isemayo "uteuzi wako umetenguliwa". Kuhusu msala sina mengi. Wazee wa pwani huguna wakilisikia, maana kwao msala ni mkeka wa kuswalia, na vijana wanaoulizwa hucheka na kuelekeza kidole msalani. Vyovyote iwavyo, mtaani msala ni tatizo linalosukumwa, na hakuna anayeulizwa kama anautaka.

Sasa nizipime hoja. Ya walinzi wa maadili ina uzito na siwezi kuibeza. Ni kweli wakosaji wameyateka maneno haya. Aliyekula fedha za ujenzi wa zahanati na mhudumu wa baa wanatumia sentensi moja, na msikilizaji hana kipimo cha kuwatofautisha. Magereza nayo yana utani wake wa zamani kwamba ndani hakuna mwenye hatia. Lakini wakosaji huteka kila neno zuri. Wameteka "uzalendo" na "maombi" pia, na hatujaamua kuyafuta. Kipimo kipo, na ni kile nilichojaribu pale baa bila kukusudia. Mtu akisema ameangushiwa, mwulize na nani, kisha tazama kinachomzuia kujibu. Mhudumu alizuiwa na mshahara. Mkuu wa idara aliyekwisha kutenguliwa, mwenye wakili, mwenye waandishi wa habari ishirini mbele yake, anazuiwa na nini? Mara nyingi anazuiwa na ukweli kwamba yeye mwenyewe aliishi katika jumba hilo miaka sita na alikuwa akipokea kodi.

Hoja ya walinzi wa lugha ni nyepesi zaidi, kwa sababu inadhani maneno haya ni visawe. Si visawe. Mwambie aliyebambikiwa bili kwamba "amesingiziwa maji" uone kama atakuelewa.

Iliyo dhaifu kuliko zote ni hoja ambayo haitolewi kikaoni bali kwenye mabaraza ya kahawa, na ndiyo yenye madhara makubwa: lisemwalo lipo, na kama halipo laja, pafukapo moshi pana moto. Kwa mujibu wake hakuna lawama isiyo na chembe ya haki, na anayelia kuonewa lazima kuna alichofanya. Hii ni methali inayopewa kazi ya upelelezi. Kwanza, Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa anayo hatia, na ya Kenya ya mwaka 2010 inasema hivyo hivyo katika ibara ya 50. Pili, na hili linaniuma zaidi, tumewahi kuona moshi wenyewe ukiwa chanzo cha lawama. Usukumani, katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, bibi vizee wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu walikuwa na macho mekundu. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi: miaka hamsini ya kupikia kuni na samadi kavu ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Walioinama kwenye mafiga kuwalisha watu wa nyumba hiyo walirudishiwa moshi huo kama ushahidi. Palifuka moshi, na moto ulikuwapo kweli, wa kupikia ugali.

Tukiikubali tofauti hii kati ya kinga na maficho, yapo mambo yanayobadilika. La kwanza ni namna tunavyopokea neno likipanda ngazi. Wengi tulishangilia kubambikia lilipofika Ikulu, tukadhani neno likishakubaliwa juu basi tatizo nalo limekubaliwa. Kwa kiasi fulani ndivyo. Watu walitoka mahabusu, na kwa familia zao hakuna uchambuzi unaolipita hilo. Lakini angalia kilichotokea kisarufi. Mtaani tulisema "amebambikiwa", na mtenda alikuwa amejificha nyuma ya kitenzi, bado unaweza kumwita kwa "na nani?" Vikaoni limekuwa "ubambikaji", jina la dhahania kama ukame au mafuriko, na ukame hauulizwi na nani. Kitu kinachotendwa na watu kimegeuka kuwa hali ya hewa. Kesi haijifungui. Kila jalada lina namba, tarehe na mpelelezi aliyekabidhiwa, na kesi 147 zina majina hayo mara 147. Serikali haina sababu ya mhudumu wa baa. Hakuna atakayeikata mshahara.

La pili linatuhusu sisi tunaoandika. Vichwa vya habari vyetu vinapenda "Kijana abambikiwa kesi ya bangi" kwa sababu ni vifupi na havina hatari ya kushtakiwa. Zipo siku ambazo tahadhari hiyo ni ya haki, maana kumtaja askari bila ushahidi nako ni kupakazia. Lakini mahakama ikishatoa uamuzi, au jalada likishafutwa kwa maelezo ya wazi, kuendelea kuandika kwa kauli ya kutendwa ni kumsaidia mtu kutoka kwa mlango wa nyuma. Nami nimo katika hili. Nimerudia makala zangu za zamani nikahesabu "ilidaiwa", "alituhumiwa" na "alisukumiwa", nikaacha kuhesabu.

Niliporudi ile baa miezi michache baadaye, yule dada sikumwona. Kijana wa kaunta alikuwa yule yule, anafuta bilauri kwa taulo iliyochoka. Nikamwuliza habari zake. Akajibu bila kuinua macho: "Aliachishwa."